Makopo Yasiyo na Mkubwa

Fundi wa lifti hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kazi yake ilikuwa kuning'inia ndani ya mashimo ya lifti, giza chini, giza juu, bisibisi mdomoni, na bado akapata nafasi ya kumtania mwenzake aliyeshika tochi. Lakini mkewe alipokata simu jioni moja na kusema, "Mama anakuja kukaa nasi, goti lake limeanza tena," fundi aliketi kwenye kiti kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Atakaa muda gani?"

"Mpaka goti lipone."

"Na magoti ya umri ule huwa yanapona?"

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alimtupia taulo usoni na kwenda zake jikoni.

Mama mkwe huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Watu waliomjua wanasema hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja. Hakuhitaji. Alikuwa akikutazama tu kwa juu ya miwani, polepole, na wewe mwenyewe unaanza kukumbuka makosa uliyoyafanya tangu darasa la kwanza, hata kama hukusoma shuleni kwake. Tangu amwoe binti yake, fundi alikuwa hajawahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo, habari za safari, na karibu tena Mama. Alikuwa ameridhika kabisa na mpango huo.

Tatizo jingine lilikuwa makopo.

Fundi alikuwa na ugonjwa wake, kama mkewe alivyouita. Wenzake wakitoka kazini walikwenda kutazama mpira. Yeye alikwenda nyumbani kuunda vidude. Alianza na kigari kilichofuata mwanga wa tochi kama paka anayefuata harufu ya samaki. Kisha akaunda kingine kilichokimbia mwanga, kikaenda kujificha chini ya kabati na hakikutaka kutoka. Sasa alikuwa kwenye kazi kubwa kuliko zote. Alikuwa amekusanya makopo matupu ya dawa ya viatu, thelathini na moja, mengine aliyaomba kwa mshona viatu mpaka mshona viatu akaanza kumshuku. Kila kopo alilifungia magurudumu, taa ndogo utosini, jicho moja ubavu wa kushoto na jicho moja ubavu wa kulia, sikio dogo la kusikia mlio, na kipande cha chaki tumboni. Makopo hayo aliyaweka chini ya kitanda cha chumba cha wageni, na chumba cha wageni sasa kilikuwa na mgeni.

"Yahamishie sebuleni," mkewe alisema. "Yapange vizuri tu. Mama hana shida na vitu vilivyopangwa."

Basi fundi akasogeza sofa hadi ukutani na kuyapanga makopo kwenye mstari mmoja ulionyooka, kuanzia upande wa dirisha hadi upande wa kabati la vyombo. Mama mkwe alipofika, akiwa na sanduku moja, fimbo ya kutembelea na mwavuli, alisimama mlangoni akayatazama. Fundi alitoa shikamoo yake huku akitazama sakafu.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. Kisha akaongeza, "Viatu vyenu lazima vinang'aa sana."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ndefu aliyowahi kumwambia, na fundi hakujua kama acheke au aombe radhi. Alifanya yote mawili kwa pamoja, ikatoka kama kwikwi.

Siku mbili tatu zilipita salama. Mama alikwenda kliniki asubuhi, akarudi, akakaa kwenye sofa na redio yake ndogo. Fundi alirudi kutoka kazini, akasalimia, akapitiliza. Jioni ya mkasa, mkewe alikuwa zamu ya hospitali, naye fundi alikuwa ameyawasha makopo ili aone kama betri zinadumu. Yote yalikuwa kimya, taa zimezimwa, isipokuwa kopo la katikati lililokuwa na taa nyekundu inayowaka. Akakumbuka kwamba hakuna mkate. Akaaga kwa adabu, akashuka dukani.

Mama akabaki na redio, na mbu.

Mbu huyo alikuwa mtundu. Alimzunguka sikio la kulia, akahamia la kushoto, akatua kwenye goti lilelile bovu. Mama akaizima redio ili amsikie vizuri, akavizia, akapiga kofi. *Paa!*

*Krrr*, yakasema makopo. Yote thelathini na moja yakasogea mbele kwa pamoja, urefu wa kidole, kuelekea sofa. Taa ya katikati ikazimika, zikawaka mbili, moja upande huu na moja upande ule.

Mama alishusha miwani. Akayatazama. Makopo nayo, kwa namna yake, yakamtazama. Alijiambia kwamba ni macho tu, uzee una mambo. Mbu akapita tena mbele ya pua yake, naye kwa mazoea akapiga kofi jingine. *Paa!* *Krrr.* Yakasogea tena, taa mbili zikatanuka mbali zaidi, kama macho ya mnyama anayekaribia.

Fundi alipofungua mlango, mkate kwapani, alimkuta mama mkwe wake amesimama juu ya sofa, goti bovu limesahau kabisa kwamba ni bovu, ndala moja imeinuliwa mkononi. Kwa mshtuko akaachia mlango, nao ukajifunga nyuma yake. *Puu!* *Krrr.*

"Usipige kelele," mama akanong'ona. "Wanakuja."

"Mama—"

"Nimesema usipige kelele, mwanangu. Wakisikia mlio wanakuja."

Fundi alipita kando ya ukuta kwa ncha za vidole, akaanza kuyazima moja baada ya jingine, na kila alipozima moja aliomba samahani. Alipomaliza, alimpa mama mkono akashuka. Mama akaketi, akavaa ndala yake, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akawa tena mwalimu mkuu.

"Sasa nieleze," akasema. "Kutoka mwanzo. Na usinifiche kitu."

Hapo ndipo fundi alipofanya kosa la kwanza, ambalo ni kufurahi. Alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu makopo yake. Alikaa sakafuni kama mtoto, akashika makopo matatu, akayaweka mbele ya mama.

"Wewe unapanda lifti hospitali, Mama. Lifti haiondoki mpaka mlango umefungwa *na* mtu amebonyeza kitufe. Kimoja bila kingine, haiendi. Hiyo ni NA. Kitufe cha ndani *au* cha nje, chochote kati ya hivyo kitaiita. Hiyo ni AU. Na kama uzito umezidi, *isiende*. Hiyo ni SIO. Lifti nzima ni maneno matatu hayo tu, yamefungwa kwa waya. Haina akili nyingine."

"Endelea."

"Haya nayo ni hivyohivyo. Kila kopo linatazama jirani yake wa kushoto na jirani yake wa kulia. Ikiwa taa ya mmoja wao inawaka, nalo linawaka. Zikiwaka za wote wawili, linazima. Zisipowaka zote mbili, linazima. Basi. Halafu linasogea hatua moja, na kama linawaka, linachora kwa chaki."

"Linachora nini?"

"Kistari."

"Kistari tu?"

"Ngoja, Mama."

Akayarudisha makopo kwenye mstari, akayawasha, akabonyeza lile la katikati. Nyuma yao akaweka kopo moja kubwa, la maziwa ya unga, lenye kinyundo kilicholigonga chenyewe. *Tak*, likagonga. *Krrr. Tak. Krrr.* Makopo yakaenda, na nyuma yake, juu ya sakafu ya saruji, chaki ikaanza kuacha alama. Kistari kimoja. Viwili. Viwili vilivyoachana zaidi. Vinne. Mama aliinama mbele. Pole kwa pole ikatokea pembetatu, na ndani ya pembetatu nafasi tupu yenye umbo la pembetatu iliyopinduliwa, na kando yake pembetatu ndogo nyingine zenye matundu yake, zote zimejipanga kama zimefumwa. Mwishowe taa zikawa moja inawaka moja imezimika, moja inawaka moja imezimika, mstari mzima kutoka dirishani hadi kabatini. *Tak.* Zikazimika zote kwa mpigo mmoja.

"Yameharibika," mama akasema.

"Hapana. Yamemaliza. Kila mmoja ama ana jirani wawili wanaowaka, ama hana hata mmoja. Kwa hiyo wote wamezima."

Mama aliufuata mchoro kwa ncha ya fimbo. Kisha akauliza swali lililokuwa linamkaba.

"Ni nani anayeyaongoza?"

"Hakuna, Mama."

"Kopo la katikati."

"Hilo limewaka mwanzo tu. Halijui lolote kuliko mengine."

"Yanaujua mchoro?"

"Hakuna hata moja linaloujua."

"Hakuna anayeujua mchoro, hakuna kiongozi, na mchoro unatoka umenyooka hivi." Alitikisa kichwa. "Mimi nimeendesha shule, mwanangu. Watoto mia saba. Nikigeuka tu kwenda kunywa maji, mstari unakuwa kama utumbo. Na hili kubwa linalogonga je? Hili si ndilo mkubwa wao?"

"Lile?" Fundi akacheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. "Lile ni kengele tu, Mama. Kengele haijui kitu. Inapiga makelele basi, wengine ndio wanaofanya kazi. Hata ukimweka zuzu agonge sufuria, mchoro utatoka uleule."

Mama akachukua fimbo yake, akainuka, akasema, "Usiku mwema," japo jua lilikuwa bado halijazama vizuri, akaenda chumbani na kufunga mlango taratibu.

Mkewe aliporudi alimkuta fundi bado amekaa sakafuni, anahesabu moyoni ni neno gani lililoharibu. Akamsimulia. Mkewe alisikiliza mpaka kwenye kengele, akashika kichwa.

"Umesema kengele?"

"Nimesema kengele haijui kitu. Nimekosea nini?"

"Unajua wanafunzi walikuwa wanamwitaje mama?"

Fundi akamtazama. Mkewe akamtazama.

"Usiniambie."

"Kengele," mkewe akasema. "Miaka yote. Hata wazazi. Hata barua moja ya wizara iliwahi kuja imeandikwa hivyo kwa bahati mbaya. Na wewe umemwambia uso kwa uso kwamba inapiga makelele tu, na hata zuzu anaweza." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mto ili sauti isifike chumbani, akacheka mpaka machozi. Fundi hakuona cha kuchekesha.

Asubuhi mezani mambo yalikuwa magumu. Mama aliongea na binti yake tu. "Mwambie mumeo sukari iko karibu na mkono wake." Fundi, aliyekuwa umbali wa kiwiko, alisubiri mkewe aseme, "Mama anasema sukari iko karibu na mkono wako," ndipo akajibu, "Mwambie Mama nashukuru." Ikawa hivyo chai nzima. Ikawa hivyo siku iliyofuata. Kazini fundi alibonyeza kitufe kisicho chake, akampeleka meneja wa jengo juu badala ya chini, mara mbili.

Alitunga maneno ya kuomba msamaha. Aliyafanyia mazoezi ndani ya lifti, akiwa peke yake, kati ya ghorofa. Jumapili, mkewe akiwa jikoni, alijikaza akabisha hodi.

"Mama, kuhusu kengele, nilikuwa nataka kusema kwamba kengele ni kitu cha maana sana, yaani bila kengele hata—"

"Kaa," mama akasema. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, viatu amevaa tayari. "Nimelifikiria jambo lako usiku na mchana, na nimeona si kweli. Unasema watu wakifuata kanuni moja ndogo, kila mmoja akamtazama jirani yake tu, mpango utatokea bila mkubwa. Mimi nasema hapana. Shuka nami uani. Tutajaribu kwa watu."

Uani kwenye nyumba zile za ghorofa kulikuwa na kamba za nguo, bomba, baiskeli mbili zisizo na minyororo, na siku za Jumapili watu wasio na haraka. Namna mama alivyowapata, fundi hakuelewa kamwe. Hakuomba. Alisimama katikati ya ua na fimbo yake, akasema, "Nyote, kwenye mstari, tafadhali," na watu wazima, wengine wakiwa na povu la sabuni mikononi, wakaenda kwenye mstari. Kulikuwa na dereva wa lori, mama muuza mitumba na dada yake, wanafunzi wa chuo waliokuwa bado na usingizi, mlinzi wa geti, na kinyozi wa ghorofa ya chini, mtu mnene mwenye furaha, ambaye alikuja na taulo lake begani. Kila mmoja akaambiwa avue ndala moja aishike mkononi.

"Kanuni ni hii," mama akasema. "Mtazame jirani wa kushoto na jirani wa kulia. Kama ni mmoja tu aliyeinua ndala, na wewe inua. Kama ni wote wawili, au hakuna, shusha. Nitapiga kofi, mnabadilika. Hakuna kuzungumza. Hakuna kumtazama mtu wa mbali. Wewe mlinzi, wa katikati, anza."

Mlinzi akainua ndala yake kama anayepiga saluti. Mama akapiga kofi. Majirani zake wawili wakainua, yeye akashusha. Kofi. Zikatanuka. Kofi. Zikawa nne. Fundi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alihisi nywele zinamsimama, kwa kuwa hakuwahi kuyaona mambo yake yakiwa na nyuso. Kisha kofi likapigwa, na kinyozi akainua ndala yake wakati jirani zake wote wawili walikuwa wameshusha.

Mama akamtazama kwa juu ya miwani. Kinyozi akaishusha. Lakini jirani yake alikuwa ameshaiona, naye akainua. Aliyefuata akaona hiyo, akashusha yake iliyokuwa juu. Na baada ya makofi machache mstari mzima ulikuwa ndala zinapanda na kushuka kama watu wanaopigana na nyuki.

"Simameni! Wewe, kwa nini umeinua?"

"Mwalimu," kinyozi akasema kwa uchungu wa kweli, "wenzangu wote wameshainua. Zamu yangu mbona haifiki?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Walijaribu tena, na tena. Mara ya pili mwanafunzi mmoja alimfuata rafiki yake aliyekuwa mbali. Mara ya tatu dada wa muuza mitumba aliinua kwa kumhurumia dada yake. Mara ya nne kinyozi tena. Na kila mara fundi aliona jambo jingine: mama, kila kosa lilipotokea, mdomo ulimfunguka, mkono ukaanza kuinuka kuelekeza, kisha akajizuia, akapiga kofi tu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Jasho lilimtoka kwa kujizuia.

Mwishowe alikuja kuketi karibu na fundi, kwenye ndoo ya pili.

"Makopo yako yana nidhamu kuliko watu," akasema.

"Hayana nidhamu, Mama. Hayana hamu tu. Hakuna kopo linalosubiri zamu."

Mama alimtazama kinyozi, ambaye alikuwa bado anawaeleza watu kwamba alionewa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilimchukua fundi muda kuelewa kwamba mama mkwe wake anacheka.

"Lakini nikuambie kitu," akasema alipopata pumzi. "Umesema hata zuzu anaweza kugonga. Si kweli. Kugonga tu, huku unaona wanakosea, na kunyamaza! Hiyo kazi si ya zuzu. Mimi miaka yote ile sikuiweza hata siku moja."

"Naomba radhi, Mama."

"Nimeshakusamehe tangu kwenye sukari. Nilikuwa nakuangalia tu utafika wapi."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya watu wa kujiundia vitu, kwenye ukumbi wa maktaba. Fundi alikuwa amejiandikisha zamani, kabla hajajua kwamba atakuja na wafuasi. Walikuja mkewe, mama mkwe, na kinyozi, aliyesema yeye ni sehemu ya utafiti. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mzee mwenye winchi iliyotengenezwa kwa vijiti vya kiberiti, dada mmoja mwenye mashua ya chupa, na mume na mke walioleta mashine ya kumwagilia maua ambayo ilimwagilia viatu vya mgeni rasmi na kuomba radhi kwa kengele ndogo.

Fundi alipanga mstari wake mbele kabisa, kwenye sakafu nyeusi iliyosuguliwa. Ndipo akatambua kitu ambacho sebuleni hakikuwahi kumjia akilini: makopo yalikuwa na masikio.

Mashua ya chupa ikashangiliwa. *Krrr, krrr, krrr*, makopo yakaondoka bila ruhusa. Fundi akayakusanya, akafuta chaki kwa mkono wa shati, akayapanga upya. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa tunamkaribisha fundi wetu wa lifti!" *Krrr*, makopo yakakaribia. Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho makopo mengine yakasikia na mengine yasisikie, mstari ukapinda. Fundi akaanza tena. Mtu akaangusha kiti. Akaanza tena. Mtoto akalia, simu ikaita, mshereheshaji akasema, "Tuwe na subira kidogo," na subira hiyo ikayapeleka makopo hatua tatu.

Fundi alipiga magoti, shati limegeuka jeupe kwa chaki, masikio yake yanawaka moto. Akaanza kuzima kopo la kwanza. Alikuwa ameamua kuyarudisha kwenye boksi na kwenda nyumbani.

Akaona fimbo ikisimama mbele yake.

"Yapange," mama akanong'ona. "Hayo mengine niachie mimi."

Mama aligeuka akautazama ukumbi. Hakusema neno, maana neno lenyewe lingekuwa kelele. Alisimama tu, wima, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akaanza na safu ya kwanza. Akamtazama mtu mmoja, mtu huyo akafunga mdomo. Akamtazama wa pili, akatoa mikono mifukoni. Safu baada ya safu, kimya kilikwenda nyuma kama shuka linalotandikwa. Mshereheshaji alifungua mdomo, wakakutana macho, akaweka kipaza sauti chini kana kwamba kinaungua. Mtoto aliyekuwa analia aliacha, akabaki anashangaa. Mgeni rasmi alikaa sawasawa kwenye kiti chake.

Fundi akabonyeza kopo la katikati. Akawasha kinyundo.

*Tak. Krrr.*

Hakuna aliyepumua. Taa moja ikawa mbili. *Tak.* Kwenye sakafu nyeusi chaki ilionekana kuliko ilivyowahi kuonekana nyumbani. Pembetatu ya kwanza ilipojifunga na nyingine mbili zikazaliwa pembeni yake, mtu mmoja nyuma alivuta pumzi ghafla. Mama akamgeukia, naye mtu huyo akairudisha pumzi yake. *Tak.* Ikaja hatari kubwa zaidi. Kinyozi, kwenye safu ya pili, alikuwa ameinua uso juu, pua inacheza, mdomo wazi: vumbi la chaki lilikuwa limemfikia. Mama alimwona. Kwa hatua mbili alikuwa kwake, akamshika pua kwa vidole viwili, akaikaza. Kinyozi akatoa macho, machozi yakamtiririka, lakini akavumilia kama shujaa. *Tak. Krrr. Tak.*

Taa zikapanuka hadi kingo zote mbili. Moja inawaka, moja imezimika, mstari mzima. *Tak.* Zikazimika zote.

Watu waliutazama mchoro pale sakafuni, mkubwa kama mkeka, uliotoka kwenye makopo ya dawa ya viatu ambayo hakuna hata moja lililoujua. Kisha mama akaachia pua. Kinyozi akapiga chafya iliyotikisa madirisha, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Bila shaka makopo yakasikia. Yakiwa yamezima taa zote, hayana cha kuchora, yakaondoka kwa pamoja kuelekea kwa watu, *krrr krrr krrr krrr*, na kadiri watu walivyocheka na kupiga makofi ndivyo yalivyozidi kwenda. Yalipita chini ya viti. Mgeni rasmi, viatu vyake bado vimelowa, alipandisha miguu juu ya kiti chake. Fundi alitambaa nyuma ya makopo akiyazima, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile, huku mkewe akijaribu kupiga picha na kidole gumba chake kikiwa mbele ya kamera.

Tuzo walipewa wale wa mashine ya maua. Fundi hakujali sana. Watu walikuwa wamemzunguka wakiuliza kanuni, na alipochoka kueleza aligundua kwamba upande wa pili mama mkwe wake anaieleza pia, na anaieleza vizuri kuliko yeye, akimtumia kinyozi kama mfano wa kosa.

Watu walipoondoka, mhudumu wa maktaba alikuja na ndoo na dekio. Mama akampokea dekio, akasema hawachafui nyumba ya watu na kuondoka, ila kwanza anataka kuuliza kitu. Akasimama ukingoni mwa mchoro.

"Tukianza na taa mbili je, badala ya moja? Moja huku na moja kule?"

"Nadhani zitakutana katikati."

"Halafu?"

Fundi alifikiri. "Sijui, Mama. Sijawahi kujaribu."

"Hujawahi!" Alimkabidhi dekio mkwewe, akamshika mhudumu begani ili amsaidie kushuka, akaketi sakafuni na goti lake bovu. "Niletee hayo makopo."

Wakachelewa kutoka, mpaka mhudumu mwenyewe akawa anasema wajaribu na tatu.

Goti lilipona baada ya wiki kadhaa, au mama aliamua kwamba limepona, akarudi kwake na makopo kumi aliyoyaomba kwa fundi. Tangu hapo simu hupigwa kila Jumapili. Juzi alipiga kusema kwamba amebadilisha kanuni: sasa kila kopo linatazama jirani zake na kujitazama lenyewe pia, na kilichotoka ni fujo tupu, haina kichwa wala miguu, akasema kwa furaha kubwa, na fundi ajaribu kwake aone kama ni fujo ileile. Waliongea mpaka chai ikapoa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Amenisalimia?" akauliza simu ilipokatwa.

Fundi akakuna kichwa. "Alisema... nadhani alikuwa karibu kukusalimia."

"Mama yangu mzazi," mkewe akaiambia dari. "Siku hizi hata haniulizi kama nimekula."